Dubu Walirushwa kwa Goli la Wageni

Jumatatu ile walipomuuza Rylan Desjarlais, mama yangu alikuwa anakanda unga wa pirohi, vile vitumbua vyetu vya kujazwa viazi, na ule unga ulipata kipigo ambacho haukustahili.

Habari tuliipata kwa redio ya jikoni. Mtangazaji mwenyewe alikwama katikati ya sentensi, akaweka wimbo. Mama akasimama, mikono myeupe mpaka viwiko.

"Wamemuuza mwanangu," akasema.

"Mama, mwanao niko hapa," nikamwambia.

"Wewe hakuna timu inayokutaka," akadakia Babu kutoka nyuma ya gazeti lake.

Wachezaji wa ligi yetu ya hoki ya barafuni ni vijana wa miaka kumi na sita mpaka ishirini. Hutoka mbali, kwa hiyo kila mmoja hupewa familia ya kukaa nayo. Sisi tulipewa Rylan. Alifika hapa kwetu Wolseth hajui kukunja shuka, akakaa miaka minne, akawa nahodha wa timu yetu, Mwewe, na mfungaji bora wa ligi nzima, akaondoka bado hajui kukunja shuka. Alimwita mama yangu Mama. Mimi aliniita Taisa Kelele, jina ambalo nalikanusha.

Nyati wa Carmody walimchukua yeye, na sisi tukapewa kijana wa miaka kumi na saba aitwaye Nolan Pasek, pamoja na ruhusa ya kuchagua vijana wengine wawili mwakani. Yaani tulitoa nahodha, tukapata mtoto mmoja na watu wawili ambao bado haijulikani ni akina nani. Babu alisema hata kwenye mnada wa ng'ombe lazima kwanza umwone ng'ombe.

Mji mzima ulivaa sura ya msiba. Pale kwa Yvonne, ambako wakulima hunywa kahawa asubuhi na kuiendesha nchi, hakuna aliyezungumzia bei ya ngano. Lorne, muuza tairi, aliapa kwamba meneja wa timu akija dukani kwake kutafuta tairi nne, atamuuzia tatu. Shirley wa posta alikuwa na namba ya Rylan, kumi na tisa, amechorwa tatuu kwenye shavu la mguu.

"Sasa utafanyaje?" Yvonne akamuuliza.

"Nitasema ndiyo umri niliokuwa nao nilipokuwa mzuri."

"Watu watauliza ushahidi, dada."

Kituo cha petroli kiliandika kwenye ubao wake wa barabarani: PETROLI. MAZIWA. MENEJA, TUNAKUONA.

Saa tisa alasiri simu ikalia kwetu. Walikuwa watu wa timu, wakiuliza kwa sauti ya kunyenyekea kama tungeweza kumpokea huyo Nolan, kwa kuwa chumba kipo. Mama akauangalia mlango wa kile chumba kwa muda, kisha akasema sawa, kwa namna mtu anavyosema sawa kwa daktari wa meno.

Nolan alifika Jumanne, mwembamba, na begi kubwa kuliko yeye, na masikio yaliyotangulia kuingia kabla ya mwili. Baba yangu alikuwa safarini na lori lake huko kaskazini, kwa hiyo kamati ya mapokezi ilikuwa mimi, Mama na Babu. Babu alimpa mkono, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Wamekukausha kama samaki?"

Mama alikuwa mpole. Nisikilizeni vizuri: mpole! Mama yangu humpenda mtu kwa kumkaripia. Rylan siku yake ya kwanza alichapwa na taulo la jikoni kwa kunywa maziwa kwenye chupa. Nolan aliambiwa "tafadhali" na "karibu tena" na "usijisumbue." Aliwekewa kitambaa cha mezani kilichokunjwa pembe tatu. Kijana wa watu alikula supu ya biti amenyooka kama anapigwa picha ya pasipoti.

Alhamisi nikajua mambo ni mabaya. Nyumba yetu hupashwa joto kwa mabomba ya hewa yanayopita kutoka chumba hadi chumba, na mabomba hayo hupitisha maneno pia. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimekaa tu sakafuni, sikio likiwa karibu na tundu.

"Baba, nikija Krismasi sirudi tena huku," Nolan alikuwa anasema kwenye simu. "Hapana, hawanitukani. Afadhali wangenitukana. Nimeingia dukani kununua maziwa, watu wote wakanyamaza. Mazoezini wananiita 'ile chenji ya Rylan.' Ndiyo, nimemwambia kocha. Amesema nifikirie mpaka likizo. Baba, nimeshafikiria."

Nikashuka jikoni kumwambia Mama kila kitu. Alikuwa anaosha vyombo, akaendelea kuosha sahani moja ile ile.

"Mimi simfukuzi," akasema mwishowe.

"Humfukuzi. Unampa kitambaa cha pembe tatu. Mama, hata askofu alipokuja hapa alifuta mdomo kwa karatasi!"

"Taisa."

"Mtoto anadhani yuko hotelini, na hoteli yenyewe inataka aondoke kabla ya saa nne."

Akaiweka ile sahani kabatini, bado inachuruzika maji. Lakini Jumamosi alikwenda dukani, akarudi na dubu wa manyoya mkubwa, wa kahawia, tumbo kama la Lorne.

Hapo lazima niwaambie kuhusu Jumapili ya dubu. Mara moja kwa mwaka, kabla ya Krismasi, kila mtu huja uwanjani na mdoli wa dubu. Mwewe wakifunga goli lao la kwanza, tunawarusha wote barafuni, mvua ya manyoya, kisha wanakusanywa na kupelekwa kwa watoto waliolazwa hospitali na kwenye nyumba ambazo mwaka umekuwa mgumu. Kufunga goli la dubu ni heshima kubwa, na kati ya miaka minne, mitatu lilifungwa na Rylan. Mwaka huu wageni wetu wa Jumapili ya dubu walikuwa nani? Nyati wa Carmody. Aliyepanga ratiba hana mama.

Asubuhi ya Jumapili hiyo Mama akamweka yule dubu mezani, mbele ya sahani ya Nolan.

"Huyu ni wa goli lako," akamwambia. "Simrushi kwa mtu mwingine. Umesikia?"

Nolan akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza, na ikaonekana ana pengo upande wa kushoto. "Na nisipofunga, Bi Melnyk?"

"Nitarudi naye nyumbani, alale sebuleni mpaka ufunge."

Saa nane mchana uwanja ulikuwa umejaa mpaka kwenye ngazi. Kila mtu ana dubu mapajani, kama kliniki ya watoto. Rylan alipoingia na jezi ya Nyati, ile ya kijani ambayo haimpendezi mtu yeyote duniani, watu wakasimama wakampigia makofi mpaka refa akaangalia saa. Mama alilia kidogo. Babu alisema ni vumbi, ndani ya jengo la barafu.

Mchezo ukaanza. Kipindi cha kwanza hakijafika mbali, Rylan akakipata kile kisahani cheusi tunachochezea badala ya mpira, karibu na ukuta, na mwili wangu ukajua kabla yangu. Akajifanya anakwenda kushoto. Kila siku hujifanya anakwenda kushoto. Kipa wetu, aliyefanya naye mazoezi miaka miwili, akaenda kushoto. Rylan akageuza gongo, akakisukumia kulia, wavuni.

Halafu dubu mmoja mkubwa, wa kahawia, mwenye tumbo, akapita juu ya vichwa vyetu akizunguka polepole, akaangukia barafuni.

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama, mikono juu, uso unang'aa, anapiga kelele, "Rylaaan!"

Miaka minne mikono ilikuwa imefundishwa jambo moja. Babu akarusha. Shirley akarusha wawili. Lorne akarusha wa kwake na wa mkewe, na mkewe akampiga kwa mkoba. Kabla mtu hajafikiri, dubu walikuwa wanaanguka kutoka pande zote, weupe, weusi, wa waridi, mpaka kipa wetu akabaki kichwa tu juu ya manyoya, kama mtu aliye ndani ya beseni la povu.

Kipaza sauti kikakohoa. "Mabibi na mabwana," sauti ikasema taratibu, "hilo halikuwa goli letu."

Nyie! Watu elfu mbili walikaa chini kwa pamoja. Refa, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuona timu ya nyumbani ikiusherehekea msiba wake, akatuadhibu kwa kuchelewesha mchezo. Rylan alisimama katikati ya ule mlima amejifunika uso kwa glavu, mabega yanatetemeka, sijui kwa kucheka au kwa kulia.

Mimi nilikuwa namtazama Nolan. Alikaa mwisho wa benchi la Mwewe, akimwangalia Mama. Hakukasirika. Aliinamisha kichwa tu, akaanza kukaza kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimekazwa tayari.

Mama naye alimwona. Mikono ikamshuka. "Nimefanya nini?" akasema. "Taisa, nimefanya nini?"

Nikamshika mkono, nikamkalisha.

Kipindi cha pili kilipita bila goli. Mama hakugusa hata kahawa yake. Kipindi cha tatu Nyati wakaongeza la pili, si la Rylan, na watu wengine wakaanza kutafuta funguo za magari. Ndipo kocha akamwingiza Nolan.

Ningependa kuwaambia kwamba alifunga goli la kuandikwa vitabuni. Hapana. Mwenzake alipiga shuti bovu kutoka mbali. Nolan alikuwa anasukumana na beki wa Nyati aliye mkubwa kama jokofu, akiwa ameligeuzia goli mgongo, na kile kisahani kikampiga kwenye kalio, kikabadili njia, kikaingia. Alitazama nyuma kama mtu aliyeitwa jina na hajui ni nani kamwita. Taa nyekundu ikawaka.

Goli letu la kwanza! Uwanja mzima ukasimama, mikono ikashuka kutafuta dubu, ikapata hewa. Watu elfu mbili wamesimama wanatazamana, na pale barafuni kijana mmoja ameinua gongo lake nusu, anaanza kulishusha.

"Hapana," akasema Mama. "Hapana, hapana, hapana."

Akavua kofia yake ya sufu, akairusha. Haikufika. Ikamwangukia mzee mmoja safu ya chini, na yule mzee akaiangalia, akaelewa, akairusha mbele pamoja na ya kwake. Mama akavua glavu ya kulia, ikaenda. Ya kushoto, ikaenda. Skafu ikaenda.

"Nolaaan!" akapiga ukelele ambao nadhani baba yangu aliusikia kwenye lori lake. "Simama sawasawa, mtoto wewe! Hilo ni goli lako!"

Babu akavua kofia yake ya manyoya ya biva, yule mnyama wa mtoni kama panya mkubwa, kofia anayovaa hata mezani, akaibusu, akaitupa kwa mkono wa mtu aliyewahi kurusha matofali. Baada ya hapo sikuona vizuri, maana hewa ilijaa kofia, glavu, skafu, soksi za sufu. Kiatu kimoja pia, na mpaka leo mwenyewe hajajitokeza. Shirley alikuwa anajaribu kuvua koti, mumewe akamzuia. Refa akaitia filimbi mdomoni, akaitoa, akaokota skafu moja ya njano, akajifunga shingoni. Hakutuadhibu.

Nolan alisimama kati ya nguo zetu akicheka na pengo lake, na wachezaji wa Mwewe wakamwangukia, wanampiga kwenye kofia yake ngumu, wanamwita kwa jina.

Dakika za mwisho Nyati wakaongeza jingine, tukafungwa tatu kwa moja. Wageni wachache waliopita Wolseth jioni ile watakwambia tulishinda, kwa sababu ndivyo tulivyotoka pale, tukiimba, vichwa wazi, kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri. Timu ilitangaza kwamba mwenye kutaka nguo zake azifuate, na zitakazobaki zitakwenda pamoja na dubu. Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kufuata. Babu alizunguka lile rundo mara mbili, mikono mgongoni, kama mtu anayekagua shamba, akarudi mikono mitupu.

Kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo, Rylan alimkumbatia Mama mpaka miguu yake ikaacha sakafu. Kisha akamgeukia Nolan, na sisi wengine tukajifanya tunasoma tangazo la zimamoto.

"Bomba la bafuni," Rylan akamwambia. "Maji ya moto ni upande wa baridi. Ngazi ya tatu inalia, ukichelewa kurudi iruke. Babu akikupa ile dawa yake ya kikohozi, mwambie umepona."

"Nimeshainywa," Nolan akasema.

"Pole sana, ndugu yangu."

"Na yule?" Nolan akaninyooshea kidole.

"Yule hana dawa."

Mama alikuwa ameziona nywele za Nolan. "Umetoka kuoga, kichwa kimelowa, na unataka kutoka nje hivyo? Unataka nimwambie nini mama yako? Vuta hiyo kofia ya jaketi! Mpaka masikioni! Yote mawili!"

Nolan akavuta kofia ya jaketi. Rylan alikuwa anacheka kimyakimya.

Kwenye pikapu tulibanana wanne, kioo kimeganda, Mama anakwangua kwa kadi ya maktaba kwa sababu kikwanguo nacho, inaonekana, kilirushwa.

"Bi Melnyk," Nolan akasema, "hapa kwenu Krismasi mnakula nini?"

"Krismasi ipi? Sisi tunazo mbili. Ya Desemba nenda ukaile kwenu, wazazi wako wakuone. Ya pili ni Januari, ya kina Babu, kwa kalenda ya zamani ya kanisa. Vyakula kumi na viwili, na nyama hakuna."

Nolan alifuta kioo cha upande wake kwa mkono, akatazama nje, ambako Lorne alikuwa anapita kwa miguu amejifunga kichwa taulo la karatasi.

"Januari nitakuwepo," akasema.

"Uje na njaa," akasema Mama, akawasha gari.

"Na kofia," akasema Babu. "Saizi kubwa."