Litania ya Furosemide

Noëlla alishindwa mtihani wa dawa mwezi wa saba, na hakushindwa kidogo. Alipoulizwa kazi ya salbutamol alisema inatoa minyoo. Alipoulizwa kazi ya albendazole, kwa kuwa minyoo ilikuwa imekwisha kutolewa, alinyamaza. Baba yake, Cirhuza, mwenye duka la betri na nguo huko Shabunda, alipata habari kwa simu na hakupiga kelele. Alisema tu kwamba session ya pili, yaani mtihani wa marudio, ikimshinda nayo, aache shule ya uuguzi, apande ndege aende kumsaidia kuuza betri. Cirhuza ni mtu wa kutimiza maneno yake, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Basi Noëlla akajifungia chumbani, katika nyumba ya bibi yake pale Nyalukemba, akaanza kusoma kwa sauti. Dawa zilikuwa nyingi, na majina yake, tuseme ukweli, yalitungwa na mtu asiyependa binadamu wenzake. Akikamata moja, mawili yanatoroka. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alikuwapo bibi mwenyewe, Koko Marie-Louise, mkuu wa shirika, yaani ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa. Kila jioni wanashirika walikusanyika sebuleni kusali rozari, na kila walipotulia, ukuta ulipaza sauti: "Furosemide!" Bibi alivumilia siku mbili. Ya tatu akafungua mlango wa chumba bila kubisha.

"We Noëlla, uko unasoma ama uko unapigana na mutu mule?"

"Niko nasoma dawa, koko. Haziingie."

"Zitaingia aje, na uko unazisoma peke yako? Mimi sikumaliza hata primaire, lakini litania ya batakatifu bote niko nayo mu kichwa. Juu ya nini? Juu tunajibizanaka. Mumoja anaita, bengine banaitika. Kuya huku."

Noëlla alicheka, kisha akakumbuka betri za Shabunda, akaacha kucheka. Jioni ileile, rozari ilipokwisha, alisimama karibu na mlango wa sebule akiwa na daftari lake, na akina mama walioketi kwenye benchi kando ya ukuta wakamkazia macho.

"Paracetamol," akasema kwa aibu.

"Utupunguzie homa!" wakaitikia, baada ya kufundishwa.

"Salbutamol."

"Utufungulie pumzi!"

"Captopril."

"Utushushie tension ya damu!"

Ilikolea kuliko alivyotazamia mtu yeyote. Wiki ya kwanza Noëlla aliwasomea majibu pamoja na maonyo yake. Wiki ya pili hawakuhitaji tena kusomewa; yeye alibaki kuita majina tu. Hata waliokuwa wakikosa rozari walianza kuja, na waliochelewa waliomba irudiwe tangu mwanzo walipokuta wenzao wamefika kwenye antibiotiki. Katekista wa mtaa, Papa Willy, alikuja kuhakikisha kwamba dini haijaharibika. Alisimama mlangoni, akasikiliza dawa za tumbo zote, akakohoa.

"Maman Marie-Louise, dawa si batakatifu."

"Nani alisema ni batakatifu? Ungesikia tunasema 'utuombee'? Haziombe. Tunazituma kazi tu."

Papa Willy alitafuta kosa katika jibu hilo na hakuliona. Alikuwa na vidonda vya tumbo, maskini, na kabla ya kuondoka aliuliza kama omeprazole inaweza kurudiwa mara mbili.

Fujo ilianza walipogawana dawa, kila mmoja awe na yake ya kuimbia onyo. Maman Bintu alichukua metronidazole, kwa sababu amiba zilimtesa miaka mingi, na onyo lake aliliimba kwa uchungu wa kweli: ukiimeza, usiguse kasiksi, kwani pombe ya ndizi na dawa hiyo havikai tumbo moja. Koko Marie-Louise alijitwalia furosemide kwa ajili ya miguu yake iliyovimba. Maman Carine alipewa albendazole na akakataa katakata.

"Minyoo? Mimi? Mbele ya batu?"

"Ni kazi ya shirika, Carine," bibi akamwambia. "Mutu lazima abebe minyoo."

Maman Carine akaibeba, ila aliitikia akiwa amegeukia dirishani, ili ionekane anawasemea majirani.

Na Noëlla? Noëlla alinenepa kwa furaha. Sauti yake ilikuwa nzuri, na hakuwahi kuongoza kitu chochote maishani mwake. Alilitupa daftari kitandani, akawa anaita majina yote kwa moyo, kwa mpangilio, kwa mapozi, mkono mmoja umeinuliwa kidogo. Akina mama walimsifu. Naye akajisifu. Aliwaza kwamba dawa sasa zimeingia, na kweli zilikuwa zimeingia, kasoro hakuuliza zimeingia kwa nani.

Siku ya mtihani shirika zima lilimsindikiza, limevaa kitenge chake cha sare. Mlinzi wa shule aliwaona akadhani ni msiba, akafungua lango na kuwapa pole. Walikaa kwenye kibaraza, chini ya dirisha la chumba cha mtihani, wakaahidi kusali kimya.

Ndani walikuwamo Profesa Grégoire, mfamasia mzee aliyewahi kupita seminari ndogo, na msaidizi wake Bruno, kijana aliyependa kanuni kama wengine wapendavyo nyama. Noëlla aliketi mbele yao.

"Nitataja dawa," akasema profesa, "na wewe utanieleza kazi yake na hatari yake. Furosemide."

Noëlla alikunja mikono, akainamisha kichwa kidogo, akangoja.

Alingoja kwa utulivu kabisa. Jina lilikuwa limeitwa; kilichobaki ni benchi kuitikia, kama kila jioni. Profesa alimwangalia. Bruno aliiangalia saa. Hapo ndipo Noëlla alipoelewa. Muda wote huo yeye alikuwa ameshika majina tu. Majibu yote yalikuwa kwenye benchi.

"Furosemide," profesa akarudia, na safari hii, kwa mazoea ya zamani ya seminari, aliivuta silabi ya mwisho.

"UTUONDOLEE MAJI!" likajibu dirisha. "Asubui, hapana mangaribi!"

Bruno aliruka kitini. Profesa akaligeukia dirisha. Kisha, bila kujizuia, akaita polepole: "Metronidazole?"

"UTUULIE AMIBA! Na kasiksi tuiache!" Sauti moja iliendelea peke yake, kwa huzuni: "Yote."

"Albendazole?"

"UTUFUKUZIE MINYOO! Na mwenye mimba changa asiimeze!" Mtu mmoja akaongeza: "Ya majirani."

"Ni udanganyifu, Profesa!" Bruno akapiga kelele. "Tuandike zero na afukuzwe!"

Profesa alichukua kitabu cha kanuni, akasoma. "Mwanafunzi asiingie na karatasi wala simu. Mabibi hawakutajwa." Akaenda dirishani. "Maman, ni mutoto anafanya mutiani, hapana nyinyi."

"Tulisoma naye, Profesa," Koko Marie-Louise akajibu. "Sisi tunajua kazi yazo."

"Na yeye anajua nini?"

Kibaraza kilishauriana. "Yeye anajua majina."

Noëlla alisikia. Aliona aibu iliyomchoma masikio, na hasira pia, kwa kuwa ilikuwa kweli tupu. Profesa alifunga dirisha na kumwomba Bruno awapeleke akina mama hadi langoni. Alipoketi tena, Shabunda ilikuwa karibu mno.

"Mademoiselle, sina namna. Nitauliza tena. Ukinyamaza, imekwisha."

Noëlla aliinuka. Aliburuta kiti chake hadi nyuma, akakiegemeza ukutani, mahali ambapo kwao hukaa benchi. Akaketi, magoti pamoja, kama mwanashirika wa kawaida asiyeongoza chochote.

"Profesa, naomba muite kutoka pale mulipo. Kama mwanzo. Muvute."

Profesa aliangalia mlango, akahakikisha Bruno bado hajarudi. "Furosemiiide."

"Utuondolee maji," Noëlla akajibu, na alishtuka kusikia kwamba sauti ilikuwa ya bibi yake, na kikohozi chake ndani. "Mu miguu ya bazee. Tuimeze asubui, juu mangaribi itatukojolesha usiku muzima na tutaanguka mu njia ya choo. Na potasiamu inaenda na maji, mapigo ya roho yanaweza kuharibika, lazima tuangalie."

"Captopriiil."

Safari hii mama anayeketi kushoto kwa bibi kwenye benchi akajibu kwa kinywa cha Noëlla: tension, kikohozi kikavu, mwenye mimba asiiguse. Metronidazole ilikuja na majonzi yote ya Maman Bintu. Albendazole aliijibu akiwa amegeuka upande. Wote walikuwamo, kila mmoja na dawa yake, na Noëlla aliwasikiliza kwa mara ya kwanza tangu waanze. Machozi yalimtoka, lakini aliendelea kuitikia. Bruno alirudi akamkuta profesa wake amefumba macho.

Alipata kumi na tatu kwa ishirini. Zile saba, profesa alieleza, zilikwenda na ule ukimya wa mwanzo.

Langoni akina mama walipiga vigelegele, mlinzi akashangaa kuona msiba umegeuka harusi. Walimkumbatia, wakamvuruga nywele. Kisha Koko Marie-Louise akauliza taratibu, akiangalia viatu vyake: "Na sisi, tumepata ngapi?"

Noëlla alitaka kucheka. Aliwatazama wale akina mama, waliovalia sare tangu alfajiri, na hakuweza. Akasahihisha palepale, mmoja mmoja, kwa haki. Maman Bintu kumi na saba. Maman Carine kumi na sita, moja imekatwa kwa kuwasingizia majirani. Bibi ishirini.

"Ishirini muachie Mungu," akasema Koko Marie-Louise. "Andika kumi na tisa tu, dix-neuf."

Simu ikalia. Ilikuwa Shabunda. Noëlla aliitoa mfukoni, lakini bibi aliipokea kabla yake.

"Cirhuza? Dix-neuf!"

Kelele za furaha ndani ya simu zilisikika hadi kwa mlinzi. Baba mtu alicheka, akalia, akamshukuru Mungu na Bikira, akauliza kwa sauti iliyokatika: "Dix-neuf! Noëlla yangu?"

"Noëlla?" akasema Koko Marie-Louise. "Hapana, mimi. Lakini na yeye alipita."