Kutoka Ng'ambo ya Barabara

Baba alivuka barabara, akatugeukia, akafumba macho nusu. Ndivyo alivyopima kazi siku zote: ukikaza macho unasoma neno, ukiyalegeza unaona doa. Mimi na mdogo wangu tulisimama mlangoni pa karakana yake ya mabango. Mlango ulikuwa na vioo viwili, na kila mmoja wetu alikuwa ameandika kwenye chake neno moja, Mabango, kwa herufi za Kigothi, zile nzito nyeusi zenye ncha, za kwenye vyeti na vichwa vya magazeti ya zamani. Atakayeshinda angebaki na karakana.

Yangu ilikuwa moto, sijipigii debe. M kubwa niliitia mikia miwili na vistari vyembamba ndani, ungedhani imevaa kwenda harusini. Mdogo wangu je? Vijiti vinene vimesimama wima, kama ua wa fito. Nilimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa tamu.

Baba akarudi taratibu. Alinipita, akamkabidhi yeye funguo.

"Na mimi?"

"Zako nzuri, mwanangu. Lakini kila moja inataka itazamwe peke yake."

Niliona wivu mpaka meno yakaniuma. Mimi ndiye mkubwa. Nilianza kuosha brashi za baba kabla huyu hajajua kutembea, na sasa anapokea funguo kwa mikono miwili, mtoto mwema. Nisichotaka kukiona kilikuwa pale pale kwenye kioo chake: uwazi ulio ndani ya kila herufi ulilingana na ulio kati ya herufi na jirani yake. Ukilegeza macho, neno zima lilikuwa kitambaa kimoja. Changu kilikuwa na matobo.

Nilijikaza kisabuni, nikampongeza. Kisha nikaenda zangu kupaka matangazo kwenye kuta.

Baba alishatutoka. Mdogo wangu ndiye wanayemtafuta wote sasa, vinyozi, bendi za muziki, wenye baa. Na kila akimaliza kazi ya Kigothi hunipigia simu: "Dada, njoo uniangalizie."

Siku moja nikamuuliza kwa nini asiwaite mafundi wake.

"Hao wananipenda," akasema. "Wewe kosa utalitafuta."

Kumbe anajua. Nilitahayari, lakini sikuacha kwenda. Nikilipata kosa, pengo dogo tu kati ya herufi mbili, siku hiyo hata chai huninogea.

Jana kilikuwa kioo cha kinyozi. Nilisimama ng'ambo, nikafumba macho nusu, nikatafuta kwa roho yangu yote. Nikaanza tena, kutoka mwisho kuja mwanzo. Sikuona pengo hata moja. Mdogo wangu alisubiri mlangoni, kitambaa chenye mafuta ya taa mkononi, tayari kufuta kwa neno langu tu. Hakuwa na wasiwasi hata chembe, na hicho ndicho kilichonikera.

"Haya, dada. Nifute?"

Neno "futa" lilinifika mdomoni, nikalimeza.

"Acha hivyo hivyo," nikamwambia.