Asiyeaga Hajaondoka

Usiku wa kuamkia leo niliota tumeshafika uwanja wa ndege, mimi na mume wangu Mulokozi, na likizo yetu ndefu ya Bukoba ndiyo imekwisha. Ndotoni ilikuwa asubuhi, jua linawaka vizuri tu. Nasema hivyo kwa sababu watu hudhani mambo ya kutisha lazima yangoje giza.

Jana mchana, na hii si ndoto, ilikuwa siku yetu ya kuaga. Kwao Mulokozi mtu hasafiri hivihivi. Anapita nyumba hadi nyumba, anaketi, anatafuna punje za kahawa anazokaribishwa, anaombewa safari njema, ndipo anainuka. Mulokozi hakuingia hata nyumba moja. Alibaki barabarani akijifanya anaongea na simu.

"Niagie na mimi," aliniambia.

Tangu tumzike mama yake, neno kwaheri humkwama kooni. Na siku hizi ameanza kuniuliza, "Hivi huko Dar tunakimbilia nini?" Mimi najitia sisikii. Nilitaka kurudi kwangu, na nilitaka kurudi naye. Basi nikaaga kwa niaba ya wawili, nikatafuna kahawa ya wawili, mpaka moyo ukanienda mbio.

Sasa ndotoni, karani wa mizigo ni korongo. Amevaa shati la mikono mirefu, ijapokuwa hana mikono.

"Shikamoo," namwamkia, maana anaonekana mtu mzima.

"Marahaba. Begi baadaye. Panda wewe kwanza."

Napanda. Mizani inaguna. "Mama, hapa umebeba watu wawili."

"Sina mimba," nasema.

"Nani kataja mimba? Nimesema watu wawili."

Nashuka, Mulokozi anapanda. Mshale hautikisiki. Anarukaruka juu ya mizani kama mtoto, wapi! Mshale umelala palepale. Korongo ananyoosha shingo, anachungulia huku, anachungulia kule.

"Abiria mwenyewe yuko wapi?"

"Si huyu hapa! Huna macho?"

"Ninayo. Hapa naona viatu." Anaufunga mdomo wake, anaufungua tena. "Utaratibu unajulikana, mama. Asiyeaga hajaondoka. Wewe umeaga mara mbili, kwa hiyo unaondoka mara mbili. Mwenzio hajaaga. Yuko kwao."

Nilimgeukia Mulokozi nikitegemea atafoka. Hakufoka. Alitabasamu taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua siku nyingi. Hapo ndipo baridi iliponiingia.

"Basi akaage sasa hivi!" napiga kelele.

"Mlango ule pale," anajibu korongo.

Ni mlango wa kupandia ndege. Naufungua, na ndani hakuna ndege. Ni jiko la marehemu mama mkwe wangu, na masizi yake yote, mkungu wa ndizi umeegemezwa ukutani. Chini yamekaa mafiga yake matatu.

"Nani huyo?" linauliza figa kubwa.

"Ni mimi, Mulokozi."

"Karibu. Unakuja, au unapita?"

Namfinya Mulokozi mkono. "Sema kwaheri, mume wangu. Neno moja tu, twende zetu."

Anafungua mdomo. Mishipa ya shingo inamsimama, machozi yanamlengalenga. Na mimi nalia, kwa sababu nampenda, na kwa sababu naona wazi kwamba neno lile halitoki. Mwishowe anasema, kwa sauti ya mtoto anayekwenda shule:

"Nitarudi jioni."

Mafiga yanatazamana. "Haya," linasema lile kubwa. "Tutakuwekea chakula."

Mara nimo ndani ya ndege. Mkanda wa kiti changu umenifunga mimi, na mkanda wa kiti cha pili umenifunga mimi vilevile. Dirishani naliona jiko linazidi kuwa dogo, Mulokozi amechutama anapuliza moto. Nagonga kioo, nagonga tena. Hainui uso.

Nikazinduka. Kumekucha. Mulokozi yuko ubavuni mwangu anakoroma, mguu wake mzito umelala juu ya wangu. Lo, nilimshukuru Mungu kwa sauti! Nikauondoa ule mguu polepole, nikatoka uani kunawa uso.

Wifi yangu Kemilembe, ambaye ndiye anayekaa katika nyumba ile ya mama yao tulimofikia, alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko anamenya ndizi.

"Umeamkaje, wifi?"

"Salama, wifi. Mbona unajisumbua? Sisi tunaondoka asubuhi hiihii, hatutawahi kula."

"Wewe najua unaondoka." Akatupa ganda kando. "Hizi za jioni. Za kwangu na kaka."

"Kaka yupi?"

"Una mume mwingine? Kapita hapa alfajiri nawasha moto, kasema atarudi jioni, nimwekee chakula. Namuuliza anakwenda wapi, hata hajibu."

Chumbani nyuma yangu mtu alikuwa bado anakoroma. Nilitaka kurudi nikaangalie vizuri ni nani, nikaogopa nitakayemkuta. Kwangu ni Dar, lakini Dar bila yeye ningekwenda kumpikia nani?

Nikavuta kigoda, nikaokota kisu cha pili, nikaanza kumenya na za kwangu za jioni.