Folda Iliyoachwa Wazi

Madam Priscillah alipiga simu mara tatu kabla Calvince Okello hajaishika.

"Calvince, tovuti imekufa," akasema. "Inasema marufuku. Marufuku ya nani? Wamama wananipigia kutoka mashambani, hawawezi kuingia."

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Calvince alikuwa fundi wa tovuti mjini Kericho, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Wateja wake walikuwa shule za kibinafsi, makanisa, hoteli mbili na chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Lakini tovuti aliyojivunia kuliko zote ilikuwa ya Priscillah. Mama huyo alikuja Kericho kutoka Nyeri zamani kuuza vitambaa, kisha akaacha biashara akafungua kituo cha kuwasaidia wanawake wanaochuma chai. Mwanamke aliyesumbuliwa na nyapara wake aliandika malalamiko kwa simu, akiwa nyumbani kwake, bila kuonekana akiingia kwenye ofisi ya mtu. Maneno yake yalihifadhiwa kwenye folda moja ndani ya seva, na wenye ruhusa ya kuyasoma walikuwa wawili tu: Priscillah na mshauri wake, Eddah.

Wikendi hiyo Calvince alikuwa amehamisha tovuti zote kwenda seva mpya yenye kasi zaidi. Nyingine zote ziliamka salama. Hii moja ilikataa. Aliyejaribu kuifungua aliona ukurasa mweupe wenye maneno mawili: 403 Forbidden. Yaani seva imekusikia, inajua unachotaka, na imekataa kukupa.

Alidhani ni jambo la dakika tano. Alikagua mafaili ni mali ya nani, akakuta kweli mmiliki wake alibadilika wakati wa kuhamishwa. Akarekebisha. Ukurasa ukabaki vile vile. Simu ikalia tena, akaikata. Kwa hasira akalegeza ruhusa za kila kitu, kila mtu asome, kila mtu aandike, jambo ambalo yeye mwenyewe huwakataza wanaojifunza kazi. Bado. Ndipo akawasha kitu kingine ili aone kile ambacho seva inaona: akairuhusu ionyeshe orodha ya mafaili yaliyomo.

Orodha ilipotokea alicheka peke yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwepo tangu mwanzo. Ila mipangilio ya seva mpya ilikuwa ikiutafuta kwa jina lingine. Akaongeza jina sahihi, akaiwasha seva upya, na tovuti ikafunguka.

"Imerudi!" Priscillah alisema kwenye simu. "Mungu akubariki, kijana wangu."

Hapo hapo mchungaji mmoja wa Chebunyo akapiga, barua pepe za kanisa hazifiki. Calvince akaingia kazi hiyo. Hakuizima ile orodha. Hakurudisha ruhusa zilivyokuwa. Na kulikuwa na jambo la tatu ambalo hata halikumjia akilini. Kwenye seva ya zamani, folda ya malalamiko ililindwa na faili ndogo iliyofichwa ndani yake, iliyosema mtu yeyote asiingie. Seva mpya ilikuwa ya aina nyingine, na aina hiyo haisomi mafaili kama hayo. Faili ilikuwa bado ipo mahali pake, lakini haikuwa ikizuia mtu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Priscillah alimwita ofisini kwake. Calvince alimkuta Eddah amekaa kwenye kiti cha wageni, mkoba juu ya magoti, macho mekundu.

"Kaa chini," Priscillah alisema. "Nataka uangalie kwenye hiyo mitambo yako, uniambie nani alitoa faili ya Mokeira."

Akamweleza. Mokeira alikuwa mchumaji kutoka upande wa Chepilat, mama wa watoto wawili. Mwezi uliotangulia aliandika kwamba nyapara wake, Jairus, alimtaka kimapenzi, na alipokataa, majani yake yakaanza kukataliwa kwenye mizani kila siku, eti ni magumu. Aliandika pia kuhusu usiku ambao Jairus aliusukuma mlango wake kule kambini. Jumatatu ya wiki hii, wachumaji wakiwa kwenye foleni ya kupima majani, Jairus alitoa simu akaanza kusoma. Alisoma maneno ya Mokeira yote, neno kwa neno, kwa sauti ya kuigiza mwanamke. Watu wengine walicheka. Jioni hiyo Mokeira akafunga vitu vyake, akachukua watoto, akaenda kwa mamake.

"Tulioweza kusoma ni watu wawili," Priscillah alisema. "Mimi sikutoa. Na bwana ya Eddah anafanya kazi kiwanda ya shamba hilo hilo."

"Madam, naapa," Eddah alisema. "Hata bwanangu hajui majina ya hawa wamama."

"Sijasema ni wewe. Nimesema Calvince aangalie."

Calvince akasimama, akaaga. Alirudi ofisini kwake akitembea haraka, akafungua kumbukumbu za seva, ambazo huandika kila anayeingia, saa aliyoingia na alichofungua. Hakuhitaji kutafuta sana. Siku ya tatu baada ya ile Jumanne, mtambo wa kutafuta wa mtandaoni ulipita, ukaikuta orodha wazi, ukabeba kila kitu kama kawaida yake, ili yeyote anayetafuta akione. Siku ya sita, Jumatatu, mtu alikuja kutokea kwenye mtambo huo. Pengine alikuwa akitafuta jina lake mwenyewe tu. Alifungua faili mbili za wanawake wengine, kisha akafungua ya Mokeira, na kuirudia mara kumi na moja. Hakukuwa na jina la Eddah popote.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa sawa: alizima orodha, akarudisha ruhusa, akaifunga folda ile kwa namna ambayo seva mpya inaielewa, halafu akajaribu kuingia kama mgeni mara tano akahakikisha anakataliwa. Akaomba mtambo wa kutafuta ufute ulichobeba. Mvua ya mawe ilikuwa ikipiga mabati kiasi kwamba hakusikia simu ikilia.

Alipoiona, ilikuwa Priscillah. Akampigia.

"Umepata?"

"Bado naangalia, Madam," akasema.

Neno hilo lilimtoka lenyewe. Alipokata simu alibaki akiitazama mistari ile kwenye skrini. Angeweza kuifuta yote kwa amri moja. Kericho nzima hakuna mwingine ambaye angejua iliwahi kuwepo. Hakuifuta. Lakini pia hakupiga simu tena. Alijiambia anataka kuhakikisha kwanza, na Ijumaa yote akahakikisha kitu kile kile, huku akijua wazi kwamba anaogopa. Alifikiria wateja wake, maana habari kama hii husambaa siku moja. Alifikiria pia Mokeira, mtu asiyemjua sura, amesimama kwenye foleni na kapu mgongoni. Akafunga laptopu, akaifungua tena.

Ijumaa jioni alishuka kwenda kununua maziwa. Alimwona Eddah ng'ambo ya barabara, amebeba katoni ya kahawia mikononi. Juu ya katoni kulikuwa na kikombe, kalenda ya ukutani, na viatu vya mvua vilivyofungwa pamoja kwa kamba. Eddah alimwona, akavuka.

"Ulipata?" akauliza.

Calvince aliitazama katoni.

"Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka ukweli ujulikane," Eddah alisema. "Miaka sita, Calvince. Hata bwanangu ananiuliza kama kuna siku niliongea nikiwa usingizini. Sasa na mimi nimeanza kujiuliza."

"Si wewe," Calvince alisema.

"Nani basi?"

"Nitamwambia Madam kesho asubuhi. Lakini si wewe."

Eddah alimtazama, na Calvince akaona wazi kwamba ameelewa kosa ni la nani. Alibadilisha katoni mkono akaenda zake.

Jumamosi asubuhi Calvince alimpelekea Priscillah kumbukumbu zilizochapishwa kwenye karatasi. Alimweleza yote, kuanzia ile simu ya Jumanne. Priscillah alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mama huyo hakuuliza kuhusu seva.

"Ulijua lini?"

"Juzi. Alhamisi."

"Alhamisi saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na saa kumi ukaniambia bado unaangalia."

"Ndiyo, Madam."

Priscillah alivua miwani akaiweka juu ya zile karatasi. "Kosa lako la Jumanne ningeweza kulibeba na wewe," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa nakusukuma. Lakini jana nimemtoa mtu hapa kama mwizi, na wewe ulikuwa umekaa na jibu. Hiyo siwezi kukubebea."

Alimpigia Eddah simu palepale, mbele ya Calvince, akaomba msamaha. Kisha akachukua funguo za gari. "Twende Chepilat. Utamwambia mwenyewe."

Walimkuta Mokeira nyuma ya nyumba ya mamake, akiosha nguo za watoto. Alikuwa mwembamba, na vidole vyake vilikuwa bado vyeusi kwa utomvu wa chai. Alisikiliza akiwa amesimama, shati la mtoto mkononi likichuruzika maji.

"Kwa hivyo si yule mama wa ofisi aliniuza," alisema.

"Hapana."

"Ni wewe."

"Ni mimi. Lakini sikukuuza, dada. Nilisahau kufunga."

Mokeira alikamua shati polepole, akalitundika kwenye kamba. "Heri ungeniuza," alisema. "Ningejua mtu alikaa chini akanifikiria kwanza."

Mamake Mokeira alitoka na kiti cha plastiki, akamwekea Priscillah, Calvince hakuwekewa. Mokeira aliuliza, "Wengine ni wangapi, kwa hiyo folda?"

"Kumi na wanne. Waliofunguliwa ni watatu, wewe ukiwa mmoja wao."

"Wanajua?"

"Bado."

"Basi waambie kabla hawajasomewa kwa mizani."

Kisha akauliza kile ambacho Calvince hakukitarajia. "Hiyo karatasi yako inaonyesha ni Jairus alifungua?"

"Inaonyesha saa, na kwamba ni kupitia intaneti ya ofisi ya shamba. Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Haionyeshi mkono wa mtu."

"Saa hiyo mwenye ufunguo wa ofisi ni mmoja," Mokeira alisema. "Sisi sote tunamwona kwa dirisha tukingoja kupangiwa kazi." Alijifuta mikono kwenye leso. "Nilikuwa nimewaambia nyinyi kwa siri. Sasa siri haiko. Nitalisema wazi mbele ya wakubwa wa shamba, na wewe utakuja useme yako."

Wiki iliyofuata Calvince na Priscillah waliwatafuta wale wanawake kumi na wanne mmoja mmoja. Kila mmoja Calvince alimwambia sentensi zile zile, na hazikuwa rahisi hata mara ya kumi na nne. Wawili walilia. Mmoja, mzee kiasi, alimfukuza uani. Mwingine aliomba maneno yake yafutwe kabisa, yakafutwa akitazama. Wanne walisema kama Mokeira anasimama, nao watasimama.

Kikao cha nidhamu cha shamba kilifanyika kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Calvince aliisoma mistari ya kumbukumbu za seva kwa Kiswahili cha kawaida, saa, siku na mahali. Mtetezi wa Jairus alisimama akitabasamu.

"Mteja wangu hakuvunja mlango wowote," alisema. "Alifungua kitu kilichokuwa wazi kwa dunia nzima. Fundi, ni nani aliyekiacha wazi?"

"Mimi," Calvince alisema.

"Sema kwa sauti."

"Ni mimi niliyekiacha wazi. Lakini sikumtuma mtu akakisome mbele ya watu."

Kuna aliyeguna nyuma ya ukumbi. Halafu Mokeira aliitwa, na baada yake wale wanawake wanne, na kikao kikaenda hadi saa kumi jioni. Uamuzi ulitoka baada ya siku tisa. Jairus aliondolewa unyapara na kuhamishwa kitengo kingine, lakini hakufutwa kazi. Mokeira aliambiwa anaweza kurudi. Alirudi siku moja tu, akachukua barua yake ya utumishi na godoro lililobaki, akasema hawezi tena kulala nyuma ya mlango ule.

Mwisho wa mwezi Priscillah aliihamisha tovuti kwa kampuni nyingine, Nakuru. Makanisa mawili na shule moja yakaondoka pia. Aliyetumwa kupokea makabidhiano alikuwa Eddah, aliyekuwa amerudi kazini. Aliingia ofisini kwa Calvince na daftari, akakataa chai, akavuta kiti.

"Nionyeshe wapi inafungwa," alisema. "Polepole. Nataka nijue kuangalia mwenyewe."

Calvince alimwonyesha: nani anasoma, nani anaandika, nani hafiki kabisa, na jinsi ya kujaribu mlango kama mgeni kila baada ya kugusa kitu. Eddah aliandika yote kwa mkono. Aliuliza maswali mazuri, mengine Calvince hakuwa amewahi kujiuliza. Ilichukua karibu saa mbili. Mwishoni alisogeza laptopu upande wake ili abadilishe nenosiri, akangoja.

"Geuka," akasema.

Calvince akageuka, akatazama ukuta mpaka vitufe viliponyamaza.