Sikio la Kushoto la Tarsem

Mwalimu Naftali, miaka themanini na tatu na meno ya bandia, alikuja ukumbi wa kanisa letu Thamesmead kutuomba jambo moja: tumpe watoto awafundishe Kiswahili kila Jumamosi. Tangu mkewe afe hana wa kuongea naye. Na watoto wetu hawa, ukiwaamkia "hamjambo" wanakujibu "fine".

Akaanzia mbali, kama walimu wote. Zaidi ya miaka mia nne iliyopita, alisema, Kiingereza kilikuwa mtoto wa kambo hapa hapa London. Shuleni Kilatini tu. Mvulana akiteleza akasema Kiingereza, anavuliwa suruali na kuchapwa mpaka damu ishuke magotini. Ndipo bwana mmoja akaandika kijitabu kuonyesha kwamba Kiingereza nacho kina sarufi yake, si kelele za wauza samaki.

Tukapiga makofi. Mimi nilizidisha, maana chai ilikuwa inapoa.

"Na waliochapwa je?"

Alikuwa Tarsem, Singasinga wa Southall, mzaliwa wa Nakuru. Aliliona jina la Naftali kwenye tangazo, akapanda treni.

"Walijifunza!" Naftali akacheka.

"Hata mimi ulinifunza, Mwalimu. Darasa la tatu. Kiingereza tu, ulisema."

Akaja mbele taratibu, mzee wa miaka sabini, kilemba kimenyooka. Kofi la kwanza lilimkuta Naftali sikioni. La pili likamng'oa meno, yakatua kwenye sahani ya mandazi. Alipoanguka, Tarsem akamkalia kifuani akamshindilia ngumi, kulia, kushoto, kama anayekanda unga wa chapati. Damu ilirukia kinanda. Wanaume wanne walimvuta; mmoja akatoka na pua iliyohama.

"Is he dead, Mum?" akauliza Daisy, mmoja wa watoto wetu. Mama yake, Jennifer, ni nesi. Alikuwa ameshapiga magoti akimfuta Naftali uso.

"Hili la kushoto," Tarsem alihema, akigusa sikio lake, "halijasikia tangu siku ile uliponizaba kofi."

Naftali akatema damu. "Kwani... ulisema nini?"

"Nilisema, 'Mwalimu, naomba kwenda choo.'"

Hata mimi sikucheka. Jennifer akaacha kufuta. Kitambaa akamwekea Naftali mkononi, akasimama.

"Jumamosi utamleta?" Naftali akamuuliza kwa ufizi.

"Atajifunza kwangu, Mwalimu. Kiswahili changu kibovu hivyo hivyo."

Akina mama wengine wakaanza kutafuta makoti ya watoto.