Vitambaa vya Kuazima

Kwetu Kasongo, siku ya wageni wa posa nyumba huvaa vya watu. Viti vinatoka kwa mwalimu wa jirani, sahani kwa shoga, mkeka mzuri kwa yeyote aliye nao. Hakuna anayeona haya, maana leo unaazima wewe, kesho ninaazima mimi. Kwa hiyo wifi yangu Subira alipokuja kuomba vitambaa vyangu vya ukutani, kwa ajili ya posa ya binti yake Aicha, sikusita. Nilivitungua mwenyewe, nikavikunja, nikampa pamoja na misumari yake.

Vilikuwa vinne. Tulipohamia nyumba hii na mume wangu Amuri, kuta zilikuwa zimepakwa udongo mweupe na basi, na mimi siwezi kukaa nikitazamana na ukuta mtupu. Naona kama nimekaa ghalani. Nikanunua shuka nyeupe ya mtumba, nikaikata vipande vinne, nikaanza kudarizi. Kimoja nikakitia mashuke ya mpunga, kimoja birika na vikombe, kimoja mtumbwi wa kuvukia mto Lualaba, na cha mwisho ndege wawili, kanga, wakidonoa mtama. Wale kanga ndio walionitoa jasho. Nilitaka zile ndevu zao ziwe nyekundu kweli, na nyuzi zote za sokoni zilikuwa zinachuja. Mwishowe nikafumua sweta ya utotoni ya mwanangu Djamali, nikapata wekundu ambao hauchuji hadi leo. Kazi yote ilinichukua miaka mitatu.

Siku ya posa, mimi kama mke wa mjomba wa binti nilikuwa jikoni, kwenye moshi wa pilau. Wageni walitoka Salamabila kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Kwa upande wa wanawake mkubwa wao alikuwa Mama Iliasi, mamake kijana, ambaye anashona nguo sokoni huko. Nilipoingia na sinia la chai nikamkuta hajaketi. Amesimama ukutani, amekishika kitambaa cha kanga, amekigeuza nyuma. Hapo nikajua ni mwenzangu, maana anayejua sindano hutazama nyuma aone mafundo. Nyuma ya kazi yangu huoni fundo.

Akauliza ni kazi ya nani. Subira akajibu mbele yangu, na sinia bado liko mikononi mwangu.

"Ni ya Aicha," akasema. "Mutoto yangu iko na mikono."

Aicha akainamisha kichwa, wageni wakadhani ni haya za mwali. Mama Iliasi akauliza tena, ule uzi mwekundu umepatikana wapi, kwa sababu yeye ametafuta wa namna ile mpaka amechoka. Subira hakupepesa jicho. Akasema umetoka mjini Kindu.

Nilikasirika, nikalitua sinia mkekani. Ningesema, ningesema nini? Kwamba mama wa binti ni mwongo, mbele ya watu waliokuwa njiani tangu juzi? Posa ingekufa palepale, na Aicha, ambaye nimembeba mgongoni mimi, angebaki na jina baya mjini. Subira alijua kabisa kwamba sitasema. Hilo ndilo lililonichoma kuliko uongo wenyewe: alikuja kwangu kuazima vitambaa, akaazima na ulimi wangu bila kuniomba.

Kisha Mama Iliasi akaanza kupima. Akalaza kiganja juu ya kitambaa, shibiri moja, mbili, tatu, na vidole vinne. Akapima vyote, akasema vinatosha kabisa kwenye sebule ya mwanawe, basi Aicha akija aje navyo. Subira akacheka, akasema kwani si ni vya kwake?

Harusi ikapita. Vitambaa vyangu vikafungwa kwenye sanduku la bibi harusi, vikapanda pikipiki kwenda Salamabila. Nilimfuata Subira uani kwake kumuuliza, nikitegemea angalau aone aibu. Hakuona.

"Mama Djamali, unalalamika nini?" akaniambia. "Mikono uko nayo. Shona bingine."

Miaka mitatu ya macho yangu, jibu lake ni hilo. Amuri naye akanitaka ninyamaze, eti ni dada yake mkubwa, na tena ni vitambaa tu. Nikamwambia vitambaa tu ni vile anavyofutia mdomo. Jioni ile alijipikia.

Sikushona vingine. Moshi wa taa ulikuwa umezigeuza kuta zangu rangi ya chai kwa miaka yote ile, ila nyuma ya vitambaa udongo ulibaki mweupe kama siku tulipoupaka. Zikawa zimebaki alama nne, kila moja na matundu mawili ya misumari. Aliyeniuliza nilimwambia palikuwa na vitambaa, vimeazimwa. Zaidi ya hapo sikusema neno, na Mungu ananiona.

Mwezi wa sita baada ya harusi tukasikia Mama Iliasi anakuja Kasongo kuwasalimu wakwe nyumba kwa nyumba. Kwa mjomba wa binti ni lazima aingie. Siku hiyo asubuhi nikamwona Subira mlangoni na ndoo ya udongo mweupe, na brashi juu yake. Akajichekesha, akasema kuta zangu zimechakaa, wageni watatuona watu wa namna gani. Alipoona siinuki, akachovya brashi mwenyewe na kwenda moja kwa moja kwenye alama ya kanga. Nikamshika mkono.

"Hii ukuta ni yangu," nikamwambia. "Enda upake yako."

Aliiacha brashi. Ndoo nayo ikabaki katikati ya sebule, sikuigusa.

Mama Iliasi aliingia saa tisa alasiri, Subira nyuma yake akiongea bila kupumua. Tukamketisha, nikampa maji. Alikunywa huku anatazama ukuta, halafu akatazama ndoo, halafu ukuta tena. Akainuka bila kuomba ruhusa, akaenda kulaza kiganja chake juu ya ule weupe. Shibiri moja, mbili, tatu, na vidole vinne. Akahamia alama ya pili. Subira akaanza kueleza jinsi barabara ya Salamabila ilivyoharibika, na hakuna aliyemuuliza habari za barabara.

Alipomaliza ya nne, Mama Iliasi akanigeukia mimi. Aliuliza taratibu, fundi kwa fundi.

"Ile uzi nyekundu, ulipataka wapi?"

Nikaingia chumbani, nikafungua sanduku, nikamletea sweta ya Djamali. Imebaki kola na mkono mmoja. Akaketi nayo, akavuta uzi kidogo, akaulowesha kwa ulimi, akausugua kwenye pindo la mtandio wake mweupe. Akatazama pindo. Palikuwa peupe.

Akaikunja sweta vizuri, akaiweka magotini, ndipo akamtazama wifi yangu.

"Mukwe," akasema, "uliniambia Kindu."