Mapaja ya Kitambaa

Bi Pindo alishika sindano ya kwanza akiwa bado na meno ya utotoni, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akiiogopa, mpaka siku ilipogeuzwa ncha ikamtazama yeye.

Jina la Pindo alipewa na wateja. Ukimpelekea gauni lililofumuka chini, ulilikuta limepindwa hata huoni uzi ulipopita. Halafu baridi yabisi ikamkalia vidoleni. Ilianza kwa vidole kukakamaa asubuhi, akadhani ameulalia mkono. Vifundo vikavimba kama tangawizi. Mkasi ukamshinda, na kutunga uzi ikawa kazi ya kuazima macho na vidole vya mkwewe. Watu wakimpa mkono wa salamu alijifanya anatafuta kitu mkobani, maana kushikwa mkono ilikuwa kama kubanwa na mlango. Mwisho akaifunika cherehani kwa shuka, kama maiti, akawa anapita karibu yake bila kuitazama.

Aliyekuja kuifunua shuka ile ni nesi wa kliniki ya viungo. Wagonjwa walimwita Sista tu, kana kwamba duniani hamna mwingine. Kila Jumatano asubuhi, kabla daktari hajaanza kuita majina, aliwakusanya kwenye chumba cha mwisho cha korido, chenye viti kumi na viwili na feni iliyozunguka pale ilipojisikia.

"Mwilini mna mlinzi," aliwaambia siku ya kwanza. "Kazi yake kufukuza wezi. Huyu wenu amechanganyikiwa, anamcharaza mwenye nyumba. Dawa haimfukuzi kazi, maana mtaibiwa. Inamtuliza."

"Na akishatulia, naacha dawa?" aliuliza Bi Pindo.

"Ukiacha, Bibi, anaamka na rungu lile lile."

Basi kila baada ya wiki mbili Sista akawa anamchoma sindano ya paja. Mwezi wa nne wa dawa, asubuhi moja, Bi Pindo alifunga kifungo cha blauzi yake mwenyewe. Akakifungua. Akakifunga tena, mara tano, mkwewe akadhani mama wa watu ameanza kupotewa na akili. Kumbe alikuwa anasali kwa vidole.

Halafu Jumatano moja Sista akaingia na karatasi mkononi, akawasomea. Amehamishwa. Amebakiza mwezi mmoja. Nesi anayekuja atakuwa na wodi mbili mgongoni, hataweza kumchoma kila mtu. Kila mmoja ajifunze kujichoma nyumbani, au awe anasafiri kwenda hospitali kubwa, safari ya siku nzima kwenda na kurudi.

Bi Pindo akapiga hesabu ya watu wa nyumbani kwake. Mwanawe hafai: alizaliwa analia, sindano ya kwanza ikamkuta bado analia, na mpaka leo akiiona anazimia. Mkwewe naye alishakataa. "Mama, nikikuumiza kidogo tu utanisema mpaka wajukuu wazeeke," alisema, na Bi Pindo hakuweza kubisha, maana ni kweli. Na safari ya siku nzima ataiweza mara ngapi? Mbili, tatu, kisha ataanza kuruka, na mlinzi ataokota rungu lake.

"Sista," alisema, "kinyozi hajinyoi."

"Hajinyoi kisogo, Bibi, kwa sababu hakioni. Ndevu anajinyoa kila siku. Na paja lako si liko mbele yako?"

Wakafundishwa. Walikuwa na sifongo moja tu ya kujifunzia, iliyochomwa hadi Dereva Mstaafu, mgonjwa mwenzao, akasema hiyo ndiyo ingeandikiwa dawa kwanza. Unabana, unachoma, unasukuma polepole, unahesabu kumi. Bi Pindo aliiweza sifongo kuliko wote. Kuchoma kitu kisicholia alikuwa na uzoefu nako. Sista akampa sindano ya kwenda nayo nyumbani, imejazwa dawa tayari, kwenye mfuko wa barafu.

Jumamosi asubuhi Bi Pindo akaitoa kwenye friji, akaiacha mezani nusu saa ipoteze ubaridi kama alivyoelekezwa. Akanawa mikono. Akakaa karibu na dirisha, akajifunua paja, akalifuta kwa pamba yenye spiriti, akatoa kifuniko cha sindano. Akavuta pumzi. Na mkono, bila kumwomba ruhusa, ukapanda juu ukaipitisha sindano kwenye nywele zake.

Mafundi wa kushona kwa mkono wanaijua tabia hiyo. Sindano ikigoma kupita kwenye kitambaa kizito, unaisugua kwenye nywele ipate mafuta kidogo, iteleze. Bi Pindo alikuwa ameifanya kwa miaka hamsini na zaidi, hata usingizini angeifanya.

Akaitazama ile ncha. Ilikuwa inang'aa, haina hata unywele. Aliyeona ni cherehani peke yake, nayo ilikuwa chini ya shuka. Dawa yenyewe si ya kuokota dukani. Akajiambia, choma tu mama, nani atajua? Lakini Sista alikuwa amewaambia pia kwamba mlinzi akitulizwa, mwenye nyumba asiwafungulie wezi mlango kwa uchafu wa makusudi. Bi Pindo akakaa na paja wazi mpaka spiriti ikakauka. Kisha akachukua simu.

"Sista, nimeharibu."

"Pole. Umejichoma wapi?"

"Sijajichoma. Nimeipitisha kwenye nywele."

"Kwenye nini, Bibi?"

"Nywele, mwanangu. Ipate mafuta."

Akasikia upande wa pili mtu anacheka huku ameziba mdomo, kisha anajaribu kuwa nesi tena, inamshinda, anacheka upya. Bi Pindo akangoja. Aliona amestahili.

"Nisikilize," Sista alisema mwishowe. "Usiitumie. Itie kwenye kopo la kutupia sindano. Siku nne hazimwamshi mlinzi. Jumatano njoo, nitakuombea nyingine kwa daktari. Na asante."

"Asante ya nini? Nimepoteza dawa."

"Ya kunipigia. Ungenyamaza ningejuaje? Nimefundisha miaka tisa, nimeonya habari za vumbi, kutu, mate na mikono ya watoto. Nywele sikuwahi kuzitaja. Kumbe kila mtu anakuja na kazi yake kwenye vidole."

Jumatano Sista akamchoma mwenyewe, bila neno la kumsuta. Alisema tu, "Zamu ijayo ni darasa langu la mwisho. Utajichoma mbele yangu. Mimi mikono yangu nitaikalia."

Bi Pindo akarudi nyumbani, akaivua cherehani shuka. Akaitia mafuta. Kwa wiki mbili alishona asubuhi, vidole vikiuma anapumzika, vikiacha anaendelea. Mkwewe akachungulia.

"Mama, unashona nini hivi?"

"Mapaja."

"Ya nani?"

"Ya kliniki."

Mkwe akarudi jikoni, hakutaka kujua zaidi.

Siku ilipofika, askari wa getini alitazama kikapu kilichomzidi Bi Pindo kimo. "Mama, una nini humo?"

"Mapaja."

"Ya kuku?"

"Ya watu."

Askari akakifungua kwa ncha ya kidole. Yalikuwa mapaja kumi na mawili ya kitambaa, yameshonwa kwa vipande vya mapazia na sare za shule, yamejazwa vitambaa, moja kwa kila kiti cha darasani. Kila paja lilikuwa na miduara iliyoshonwa kwa uzi mwekundu, imeachana upana wa vidole viwili, ili mgonjwa asichome palepale alipochoma juzi. Moja lilikuwa la maua makubwa. "Hilo la Dereva," Bi Pindo alimwambia askari. "Anapenda kujionyesha."

Sista alilishika la kwanza, akaligeuza, akaupapasa mshono.

"Wanasema shukrani ya punda ni mateke," Bi Pindo alisema. "Ndiyo maana nimeleta mapaja tu. Miguu nimeiacha nyumbani."

Darasa likacheka, na Sista akapata nafasi ya kujifuta macho kama anayecheka na yeye. Kisha akaketi, akaikalia mikono yake kweli kweli, kushoto na kulia.

Bi Pindo alikuwa amefunga kilemba mara mbili, kimebana mpaka kwenye nyusi. Akanawa, akafuta paja, akatoa kifuniko. Mkono ukaanza kupanda. Ukafika begani. Ukafika karibu na sikio.

"Breki, dada," alisema Dereva Mstaafu taratibu. "Huko hakuna barabara."

Mkono ukasimama. Ukashuka. Bi Pindo akabana nyama ya paja, akachoma, akasukuma polepole, akahesabu kumi kwa sauti, na ya kumi akaisema mara mbili kwa usalama. Akaitia sindano kwenye kopo. Pajani hapakubaki doa, hata huoni ilipopita.

Sista akainuka, akampa mkono wa kwaheri. Bi Pindo hakutafuta kitu mkobani. Akaupokea mkono ule, akaubana kwa vidole vyote vitano, akaendelea kuubana.

"Bibi," Sista alisema, "unaniumiza."

"Najua, mwanangu," alisema Bi Pindo, bila kuachia. "Umenifundisha mwenyewe."